Mita Moja na Nusu

Kijana wa rangi hakubisha hodi.
Alichovya brashi, akachora X ukutani,
kubwa, nyekundu, mguu wake mmoja ukitiririka,
na chini yake tarehe, kana kwamba ukuta
umezaliwa siku ile.

Mimi Somoe binti Nantende, wa Magomeni, Mtwara,
nilikuwa napepeta mchele. Nikamwuliza:
"Mwanangu, hiyo herufi inasomwaje?"
Akasema: "Inasomwa ofisini, mama."

Ofisini nikaenda. Dirisha namba tatu
likanituma namba moja. Namba moja likasema
Bwana Chilumba yuko saiti, nisubiri.
Nikasubiri hadi kivuli cha mlingoti
kikashuka ngazi, kikanikanyaga miguu.
Ukutani kwao pana ramani ya mji:
njano makazi, nyekundu biashara,
kijani pasijengwe. Nikaitafuta nyumba yangu.
Imekaa kwenye njano, imetulia,
ila ukucha wake, ukucha tu,
umegusa mstari.

Kibali ninacho. Nikakitoa kwenye mfuko wa nailoni,
mikunjo minne, muhuri, saini mbili.
Bwana Chilumba akakishika kwa ncha za vidole.
"Hiki kimekufa, mama. Umri wake miaka mitatu."

Nikacheka, Mungu anisamehe.
Mwaka wa msingi korosho zilipata bei.
Mwaka uliofuata ubwiriunga ukala maua.
Wa tatu mnada ukafanyika, stakabadhi nikapewa,
pesa ikaja mtoto ameshafukuzwa ada.
Nyumba yangu haina mkandarasi, ina misimu.
Lenta ilingoja malipo ya pili.
Bati zilingoja lenta.
Sheria ina kalenda, mkorosho una ya kwake,
na hakuna aliyezikutanisha
walau zisalimiane.

Akavuta futi kamba, akaiweka juu ya mchoro wangu.
"Ukutani hadi mpakani, mita moja na nusu.
Wewe umeacha sentimita sitini."
"Sitini anapita mbuzi," nikasema,
"na mimi pia, nikiingia ubavu."
Foleni ikacheka. Yeye hakucheka.
"Na mgonjwa je?"

Ulimi ukanikauka.

Ni kichochoro kile kile, mwaka juzi, usiku,
tulimbeba jirani yangu Mfaume Likanda,
yu hai, upande mmoja umepooza,
juu ya kitanda cha kamba. Kitanda hakikupita.
Tukakilaza, tukakisimamisha, tukarudi nyuma,
tukazunguka kwa akina Mkwemba, nako wamechimba karo.
Gari lilikuwa barabarani linaunguruma.
Tulipofika, dereva aliangalia,
akazima injini.
Hakuna aliyeutaja ukuta wangu.
Mkewe Asumini bado huja kuniomba chumvi.

Sijui kama Bwana Chilumba alijua.
Labda kila mtaa una kitanda chake.

Nikachukua fomu mpya. Michoro nakala tatu,
ada benki, risiti uje nayo.
Penye "sababu za kuchelewa" niliandika: korosho.
Karani akasema hiyo si sababu.
Nikamwambia aandike yeye. Akaiacha.

Fundi Namkwacha amehesabu tofali mia mbili na kumi,
nusu zitapona, nusu zitakuwa kifusi.
Chumba cha mwanangu kitabaki cha kitanda na viatu.
X imevunjika pamoja na ukuta.
Mguu wake mmoja sasa ni kizingiti cha banda la kuku.

Jana, saa za magharibi, Asumini akaja.
Mkononi bakuli tupu, la chumvi.
Akapita kichochoroni bila kugeuza bega.
Akasimama.
Akarudi alikotoka,
halafu akapita tena, polepole,
viwiko vyote viwili nje.